Baba anaita mahudhurio saa nane usiku

Muulize Sista: safu ya maswali ya wasomaji wanaouguza

SWALI. Shikamoo Sista. Baba yangu ana miaka 72, mwalimu mstaafu wa hesabu, tunaishi Morogoro. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo Dar es Salaam, akapandikizwa mishipa mitatu. Alizinduka vizuri, akanitambua, akauliza kama kuku wamepewa maji. Usiku wa pili nikapigiwa simu niende. Nilimkuta kaketi kitandani anaita mahudhurio: majina ya wanafunzi wake wa zamani, mmoja mmoja, na nesi akipita anamwambia, "Wewe umechelewa, piga magoti." Akang'oa dripu. Akataka kuchomoa mpira wa mkojo. Mimi akaniambia nimemwibia pensheni. Asubuhi akawa mpole, jioni ikaanza upya, hivyohivyo siku tano. Sasa yuko nyumbani, akili imerudi, ila ni mzito kidogo kukumbuka, na siku zile hazikumbuki kabisa. Shangazi anasema katupiwa kitu. Kaka yangu yuko Muscat, amesoma kwamba ipo mashine ya kubandikwa kwenye paji la uso wakati wa upasuaji ili kupima oksijeni ya ubongo. Anasema baba hakuwekewa, ndiyo maana kachanganyikiwa, na anataka tupeleke malalamiko. Je, huu ni mwanzo wa wazimu? Mashine hiyo ingemkinga? Na likitokea tena tufanyeje? – Binti wa Mwalimu

JIBU. Marahaba, Binti wa Mwalimu. Mpe baba pole, na wewe nakupa pole kubwa zaidi, kwa sababu yeye hakumbuki na wewe unakumbuka. Lile neno la pensheni najua limekukaa. Mimi katika miaka 31 ya uuguzi, 14 ya mwisho nikiwa ICU ya wagonjwa wa moyo, nimeitwa mchawi, mke mwenza na, siku moja, karani wa mkoloni, na watu niliokuwa nawabadilishia mashuka. Mmoja alikuwa padri. Walipopona walinishika mkono wakaniuliza naitwa nani, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Nianze na shangazi, kwa heshima zote. Hajatupiwa kitu. Na si wazimu. Wazimu mnaouogopa hauingii usiku wa pili wa upasuaji ukatoka siku ya saba. Wodini tunaita deliriamu, lakini Kiswahili kina neno lake siku nyingi: kuweweseka. Ni ubongo uliozidiwa kwa muda, kama figo zinavyoweza kuzidiwa. Huja ghafla, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na alama yake kuu ni kwamba mtu hawezi kulishika jambo moja likakaa. Uliponiandikia kwamba asubuhi alikuwa mpole na jioni ikaanza upya, ulikuwa umeshanipa nusu ya uchunguzi.

Tena halikuanza kwa baba yako. Mashine ya moyo na mapafu, inayoshika kazi ya viungo hivyo wakati wa upasuaji, ilitumika kwa mafanikio mara ya kwanza Mei 1953 huko Philadelphia, mikononi mwa daktari John Gibbon. Ilipofika 1964, madaktari wa Marekani walikuwa wameshaandika kuhusu wagonjwa wanaopasuliwa moyo salama salimini kisha wakaweweseka. Hadi leo, kati ya wazee watano waliopasuliwa moyo, mmoja au wawili hupitia alichopitia Mwalimu. Hesabu hupanda au kushuka kutegemea umri wao na jinsi walivyochunguzwa kwa makini.

Sasa mashine ya kaka yako. Ipo, na anachokisema si uzushi.

Chukua tochi usiku, ibane kiganjani, utaona vidole vinang'aa wekundu. Mwanga mwekundu, na ule uliovuka wekundu ambao jicho haliuoni, hupenya nyama na hata mfupa. Mwaka 1977 mtafiti Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alichapisha kwamba mwanga wa namna hiyo unaweza kupita kwenye fuvu bila kutoboa kitu, ukarudi na habari za oksijeni ya ubongo. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba jambo hili lilimjia mezani nyumbani kwake, baada ya kuuinua mfupa wa bega la ng'ombe na kuona mwanga unapita. (Jaribuni na bega la mbuzi Idi ijayo. Uwe umegugunwa vizuri.) Damu yenye oksijeni nyingi ni nyekundu ya kung'aa, iliyopungukiwa ni ya zambarau, na kila moja hunyonya mwanga kwa namna yake. Mashine inasoma tofauti hiyo na kutoa namba.

Vibandiko viwili, kimoja kila upande wa paji la uso, waya, na skrini yenye namba mbili. Basi. Haichomi wala haiumi, na mgonjwa akizinduka atabaki na alama mbili za gundi.

Mtauliza, mbona tayari kuna kile kipimo cha kubana kidoleni? Kile kinategemea mapigo. Kinasubiri damu isukumwe, ndipo kisome. Mgonjwa akiwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, moyo umesimamishwa makusudi, pampu inazungusha damu mfululizo kama maji ya bombani, na kidole hakina pigo la kusoma. Kipimo cha kidoleni kinabaki bubu katika saa zile zile ambazo ungetamani kiseme. Cha paji la uso hakihitaji mapigo, kwa hiyo kinaendelea kuzungumza.

Na kinachozungumza ni nini? Hapa ndipo wengi hukosea, hata manesi. Namba ile si oksijeni inayopanda kwenda kwenye ubongo. Sehemu kubwa ya damu inayosomwa, kama robo tatu, ni damu ya vena, ile inayorudi. Fikirieni shughuli ya harusi. Ukitaka kujua kama wageni wameshiba, usihesabu sinia zinazotoka jikoni, angalia zinazorudi. Zikirudi na wali uliobaki, wameshiba. Zikirudi zimepanguswa hadi chini, kuna watu wana njaa. Watu wazima wengi husoma kati ya 60 na 80 kwa mia. Daktari wa usingizi huandika namba ya mgonjwa kabla hajamlaza, kisha huchunga isianguke kwa zaidi ya sehemu moja ya tano ya ile aliyoanza nayo, wala isizame chini ya 50.

Nilikiona kikifanya kazi yake siku moja nilipoteremka chumba cha upasuaji kumpokea mgonjwa wangu mapema. Namba ya kulia 65. Ya kushoto ilikuwa 66, ikawa 58, ikawa 51, kengele ikalia. Mimi nilitegemea daktari wa usingizi akimbilie sindano. Hakugusa dawa yoyote. Aliingiza mikono chini ya shuka la kijani, akakishika kichwa cha mzee yule kilichokuwa kimelalia upande, akakinyoosha taratibu kama unavyomnyoosha mtoto aliyelalia shingo vibaya. Akasimama, anatazama skrini. 54. 59. 64. Hakusema neno. Shingo ilikuwa imejipinda na damu ilikuwa inarudi kwa shida. Kichwa kisingekuwa ndiyo tatizo, angeendelea: presha ya damu imeshuka? Mtiririko wa pampu unatosha? Kaboni dayoksaidi imepungua mno hadi mishipa ya ubongo ikajikunja? Wingi wa damu umeshuka na anahitaji chupa? Usingizi ni mwepesi mno, ubongo unakula kuliko unavyoletewa? Ni orodha anayokuwa nayo kichwani, na kila swali lina dawa yake.

Sasa ungedhani kwamba ukichunga namba hiyo vizuri, kuweweseka kutakwisha. Nami nilidhani hivyo. Mwaka 2011 madaktari wa Lübeck, Ujerumani, waliona kwamba wagonjwa wanaoingia kwenye upasuaji wa moyo wakiwa na namba ndogo tangu mwanzo ndio waliokuwa wakiweweseka zaidi baadaye. Maneno hayo yalitutia moyo sana. Lakini Toronto, Kanada, walifanya jaribio lenyewe, matokeo yakatoka 2017: wagonjwa wapatao 250 wenye miaka 60 na kuendelea, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao, namba iliposhuka, madaktari waliirekebisha kwa utaratibu maalumu. Nusu nyingine skrini ilifichwa. Walioweweseka walikuwa kama robo katika kundi hili na kama robo katika kundi lile. Hakuna tofauti.

Mimi nayasoma hivi, na haya ni maoni ya nesi mzee, si ya profesa. Mtu anayeingia na namba ndogo mara nyingi ni yule ambaye moyo umeshachoka, damu imepungua, mishipa ya kichwani imeshaziba hapa na pale. Namba inakuonyesha udhaifu aliokuja nao. Kuipandisha kwa saa nne za upasuaji hakumpi ubongo mwingine. Halafu vibandiko vile vinaona kipande kidogo tu nyuma ya paji la uso. Kisogoni na ndani kabisa havifiki. Na kuweweseka kwenyewe kunasubiri hadi siku ya pili, ya tatu, wakati vibandiko vimeshatupwa, mgonjwa yupo kwetu wodini hana miwani, hajalala, ana maumivu, tumbo limefunga, taa zinawaka usiku kucha na mashine ya jirani inapiga kelele.

Kwa hiyo mwambie kaka, kwa upole maana naye ana uchungu wa kuwa mbali: kukosa kibandiko si uthibitisho wa uzembe. Ningekuwa daktari wa usingizi ningekitaka, kwa sababu kuna siku kitakamata mpira wa damu uliokaa vibaya au pampu inayolegea kabla kitu kingine chochote hakijasema. Kwa sababu hiyo nakiunga mkono. Lakini kusema kingemzuia baba asiite mahudhurio, hapana, hatuna ushahidi huo. Akitaka kuuliza hospitali swali la maana, aulize mengine: usiku ule alipewa dawa gani za kumtuliza? Alipimwa mkojo, sukari, chumvi za damu? Maumivu yalitibiwa vipi? Miwani yake ilikuwa wapi?

Hilo la mwisho msilicheke. Mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee 852 waliolazwa wodi za kawaida. Kati ya waliohudumiwa kwa mambo madogomadogo (kuvishwa miwani, kutembezwa, kunyweshwa maji, kuachwa walale usiku, kuzungumzishwa na kukumbushwa walipo) walioweweseka walikuwa 9.9 kwa mia. Waliohudumiwa kwa kawaida, 15. Hawakuwa wagonjwa wa moyo, lakini ubongo wa mzee ni uleule.

Mkirudi tena hospitali, Mungu apishie mbali, basi huo ndio mzigo wenu. Miwani, meno ya bandia, kifaa cha masikioni kama anacho, na saa yake ya mkononi. Sauti moja anayoijua. Si ndugu saba wanaopokezana. Akikwambia kuna mbuzi darini, usibishane naye na wala usimkubalie. Mwambie, "Mimi simwoni, baba, lakini nipo hapa. Upo hospitali Dar, umepasuliwa moyo, unaendelea vizuri." Rudia mara mia. Mchana mapazia yafunguliwe, usiku taa zipunguzwe. Msimfunge mikono kwa kanga. Nimewahi kukuta familia imefanya hivyo kwa mapenzi kabisa, na mgonjwa akapigana na kanga hadi asubuhi. Na tafadhali, msimletee vidonge vya usingizi kutoka duka la dawa la mtaani. Diazepamu kwa mzee anayeweweseka mara nyingi ni petroli kwenye jiko. Hata Piriton, ambayo kila nyumba inayo kwa ajili ya mafua, inaweza kuuchanganya ubongo wa mzee.

Mwambieni daktari ukweli kuhusu pombe. Najua Mwalimu ni mzee wa kanisa au wa msikiti, sijui, lakini nimeona wazee wa heshima wakitetemeka na kuona wadudu siku ya pili na ya tatu kwa sababu kitoto cha gongo cha kila jioni kimekatika ghafla na hakuna aliyekitaja. Hilo lina tiba yake tofauti, na kuchelewa kunaua.

Uzito wa kukumbuka alio nao sasa mpe wiki kadhaa. Mpe hesabu za kirafiki, akusaidie kupiga mahesabu ya duka, atembee, alale usiku. Kliniki ya marejeo waambie waandike kwenye faili kwamba aliweweseka, maana aliyeweweseka mara moja yuko karibu zaidi kuweweseka tena, na baadhi yao kumbukumbu huendelea kufifia. Miezi mitatu ikipita bado hajielewi, apimwe kumbukumbu rasmi. Lakini akipinda mdomo, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito ghafla, hiyo si deliriamu. Hicho ni kiharusi, na safari ya hospitali ni saa hiyo hiyo.

Kuhusu pensheni: usimsimulie. Aliniuliza mgonjwa mmoja, "Sista, nilisema nini?" Nikamwambia alikuwa anaita watu kwa majina. Ilikuwa kweli, na ilitosha.

SWALI. Sista, habari za kazi. Mimi ni mweusi wa mkaa, na wiki hii nimesoma kwamba vipimo vya oksijeni vinadanganya kwa watu weusi. Nasubiri upasuaji wa valvu ya moyo. Hicho cha paji la uso nacho kitanidanganya? Na nywele nisuke au ninyoe? – Mweusi wa Kigoma

JIBU. Nzuri, mweusi mwenzangu. Ulichosoma kina msingi. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kipimo cha kidoleni kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe: kilisema oksijeni ipo wakati damu yenyewe, ilipopimwa, ilisema haipo. Kwa cha paji la uso mambo yako kinyume kidogo. Rangi ya ngozi hunyonya sehemu ya mwanga, na Marekani wamekuta Wamarekani weusi wakisoma namba ndogo kuliko weupe hata bila tatizo la ubongo. Wenye umanjano, wale ambao macho na ngozi vimekuwa njano, nao vivyo hivyo, kwa sababu ya ile rangi ya njano iliyomo kwenye damu.

Kwa hiyo daktari mwenye busara hakufananishi na kitabu. Anakufananisha na wewe mwenyewe: umeingia na namba ngapi ukiwa macho unapiga naye stori, na sasa ni ngapi. Ukianza na 58, 58 ndiyo yako, na hataanza kukutia damu kwa sababu kitabu kinasema 65. Mwombe akubandike kabla hajakulaza, asisubiri ulale. Hilo ni ombi la haki kabisa, na ukiliomba atajua mgonjwa wake anasoma.

Nywele: paji la uso likiwa wazi inatosha. Rasta za mbele na wigi lenye gundi ondoa. Mafuta na krimu usipake asubuhi hiyo, kibandiko kitateleza na mwanga wa taa utaingia pembeni. Hayo mengine suka upendavyo, ila mafundo ya kisogoni yasiwe makubwa. Utalalia kichwa hicho masaa mengi na hutaweza kulalamika.

SWALI. Sista, mama mkwe wangu, miaka 68, anaingia upasuaji wa moyo baada ya siku kumi. Ni mtu wa Iringa, Kiswahili anakisikia ila akichoka anarudi kwenye Kihehe. Masikio nayo mazito. Nimeogopa baada ya kuona ya jirani yetu. Naweza kufanya nini kabla? – Mkwe mwoga

JIBU. Umeshafanya la kwanza, umeuliza kabla. Wengi huniandikia baada.

Lugha hiyo waambie wauguzi siku ya kulazwa, na waandike kwenye karatasi ya kitandani: maneno matano ya Kihehe. Unaumwa? Maji. Pumua. Usiogope. Mwanao anakuja. Mzee anayezinduka kwenye usingizi mzito na bomba la kupumulia kooni, hasikii vizuri, na watu wenye barakoa wanamsemesha kwa lugha ya pili, hata mimi ningewaona ni majambazi. Masikio yasafishwe nta wiki hii. Nimeona "uziwi" mara ngapi ukitoka na sindano ya maji ya vuguvugu.

Apimwe wingi wa damu mapema, maana upungufu unaotibika kabla ya upasuaji ni zawadi kwa ubongo. Dawa zote anazotumia, za hospitali na za mizizi, zitie kwenye mfuko mmoja uende nazo. Muulize daktari wa usingizi mambo mawili: atachungaje presha wakati wa pampu, na kama anaweza kuepuka dawa za jamii ya diazepamu na midazolamu. Kuhusu mashine ya paji la uso, uliza kama ipo. Wakisema haipo, usikimbie hospitali.

Na apelekewe shuka la nyumbani, lililofuliwa, linalonukia nyumbani.

SWALI. Sista shikamoo, nisamehe kwa haraka. Bibi yangu kabadilishwa valvu siku nne zilizopita. Manesi wanamsifu, hasumbui, analala tu, anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Lakini Bibi hajawahi kumkubalia mtu kitu maishani. Nahangaika bure? – Mjukuu, Dodoma

JIBU. Huyu nilimpigia simu siku ileile barua yake ilipofika. Naichapisha kwa ajili yenu wengine.

Marahaba. Hauhangaiki bure. Baba wa Morogoro aliita mahudhurio, wodi nzima ikajua. Aina nyingine ya kuweweseka haipigi kelele. Mgonjwa analegea, anatazama ukuta, anaitikia ili aachwe. Ndiyo inayotupita, na kwa wazee ndiyo nyingi.

Najua kwa sababu ilinipita. Miaka mingi nyuma nilikuwa na mama wa miaka sabini na kitu, wodi tuliyokuwa na wagonjwa wengi kuliko mikono. Zamu tatu mfululizo niliandika kwenye faili lake, kwa mwandiko wangu mzuri: "Ametulia. Hana shida." Nilimwita mgonjwa bora wa wodi. Siku ya nne akaja mjukuu wake wa kike, msichana wa sekondari, akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama, akaniambia, "Huyu si Bibi. Bibi angekuwa ameshakugombeza kwa hiyo kofia." Mkojo wake ulikuwa na maambukizi na chumvi ya damu imeshuka vibaya. Vyote vilitibika. Vingeweza kutibika siku mbili kabla, kama ningemuuliza maswali mawili.

Ukienda jioni hii, fanya hivi. Usimuulize tarehe, Bibi hakuwahi kuijua tarehe hata akiwa mzima. Muulize nani kamleta hospitali, na shambani sasa ni msimu wa nini. Halafu mwambie akuminye mkono kila akisikia A, umsomee polepole herufi kumi, A zikiwa nne hivi, zimechanganywa. Akikosea zaidi ya mbili, au akaminya kwa kila herufi, umakini haupo. Asiyezoea herufi aambiwe ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma. Anzia Ijumaa, usianzie Jumatano, kwa sababu Jumatano, Jumanne, Jumatatu zinateremka zenyewe kama kuhesabu, hata aliyelewa anazitaja. Anayeweweseka hukwama palepale mwanzoni, kwenye Alhamisi.

Akikwama, usiseme "Bibi hayuko sawa", watakujibu ni umri. Sema, "Hajawa hivi kamwe, amebadilika tangu juzi, naomba apimwe oksijeni, sukari, mkojo, chumvi za damu na malaria, na muangalie kama alianguka," maana wagonjwa wengi wa valvu wapya wako kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, na kugonga kichwa kidogo kwao si kidogo.

Mjukuu alinipigia kesho yake saa moja asubuhi. Bibi alikwama Alhamisi. Wamempima.